Chai Kabla ya Kura

6 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea kwanza salamu za hapa nyumbani. Sisi sote wazima kwa rehema za Mungu. Mama goti linamsumbua ila mdomo haumsumbui hata kidogo, jana amemgombeza daktari mpaka daktari akaomba radhi. Shemeji yako yupo na ufundi wake: meza nzima imejaa saa za watu, kila moja inasema wakati wake, na yeye chakula cha jioni anachelewa. Msalimie wifi yangu. Mwambie ile sketi aliyonishonea ni nzuri, ila mimi nimenenepa, kosa si la cherehani.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Sitaki tuongee kwa simu, unajua tunavyogombana kabla salamu hazijaisha. Barua hii nampa dereva wetu anayeleta mafaili ya muungano huko kwenu. Akirudi mpe jibu.

Ndiyo, muungano. Juzi walikuja wataalamu kutoka wizarani na mashine yao ya kuonyesha picha ukutani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi napanga vikombe, nikasikia yote. Wanasema halmashauri yetu na yenu zitakuwa moja, ili kubana matumizi. Picha ya kwanza: wenyeviti wawili, mshale, mwenyekiti mmoja. Ya pili: wakurugenzi wawili, mshale, mkurugenzi mmoja. Hapo madiwani wetu wakapiga makofi, maana mkurugenzi hawampendi. Mara ikaja picha ya mabirika mawili, mshale, birika moja. Mdogo wangu, moyo wangu ulifanya paa! Mmoja wao, mtaalamu wa kike, alipokuja kuchukua biskuti nikamuuliza, "Mwanangu, lile birika ni mfano tu, au ni birika kweli?"

"Mama, ule ni muundo wa watumishi," akasema. "Mhudumu wa chai atakuwa mmoja, pale yatakapokuwa makao makuu."

"Na yule mwingine?"

"Atashukuriwa."

Alisema hivyo hivyo. Atashukuriwa. Sasa hao wahudumu wawili ni nani kama si mimi na wewe, watoto wa tumbo moja, tuliofundishwa kuchemsha maji na mama mmoja katika jiko lile lile la ofisi?

Nimeliweka mikononi mwa Mungu. Sisi hatutagombea birika. Hapa kwetu bado tunafuata utaratibu aliouacha Mama: hakuna kura bila chai. Madiwani wanabishana wee, wakifika mahali pa kunyoosha mikono, mwenyekiti wetu ananigeukia, naingia na sinia, wanakunywa, ndipo mikono inanyooka. Chai ikichelewa, mmoja mmoja anatoka kwenda kula kwake na harudi mpaka anuse chai. Mwenyekiti mwenyewe tunamwita Mzee Hoja, kwa sababu hata ukimwamkia anajibu, "Nina hoja." Huko kwenu je, mnafanyaje?

Ni mimi dada yako, ninayekuombea kila asubuhi. Wewe kwanza, halafu birika.


24 Februari

Shikamoo dada,

Barua yako imenifikia ikiwa na duara la kikombe katikati. Dereva wenu anasema ni barabara mbaya. Huku wazima, Mungu ametushika mkono. Wifi yako anashona sare za shule kutwa nzima, na nyumba imejaa pini. Mimi nimeshakalia nyingi, na yeye kinachomuuma ni pini kupinda. Anasema irudishe ile sketi aitanue. Pembeni aliacha kitambaa cha akiba, alikuwa anakujua.

Wale wataalamu na huku wamefika, na picha zile zile. Birika nililiona. Nikajikaza, nikaendelea kumimina chai kama sikuona kitu. Nikamimina mpaka mezani.

Umesema kweli, hatutagombea. Nimemwomba Mungu amjalie anayestahili, na jina sikumtajia, anajua mwenyewe.

Umeuliza tunafanyaje. Dada, huku utaratibu wa Mama uliwashinda. Madiwani wetu walikuwa wakinywa chai tu, wanayeyuka, kura inabaki na katibu na mimi. Kwa hiyo chai ikasogezwa mwisho, na sasa imekuwa kama muhuri. Chai ikiingia, kikao kimefungwa. Hakuna anayetangaza, wala hakuna anayeuliza. Hata dereva wa basi la halmashauri, akisikia vikombe tu, anawasha injini.

Mwaka juzi saa ya ukutani ilikimbia, mimi nikaingia mapema. Diwani mmoja alikuwa amesimama anazungumzia soko. Alikuwa amefika kwenye "na kwa hiyo napendekeza". Akaona sinia. Akakaa, akanywa, akaenda zake. Mpaka leo hatujui alipendekeza nini. Soko limejengwa nusu.

Mwenyekiti wetu ni yule yule, Bwana Utepe, aliyekata utepe wa kila kitu mjini hapa, choo cha stendi kikiwemo. Amekwisha kuapa kwamba makao makuu yatakuwa huku. Mimi nimemwambia Mungu ndiye anajua. Akasema, "Mungu na wingi wa kura."

Mbusu Mama shavuni, ukikaa mbali na mdomo.

Mdogo wako.


17 Machi

Mdogo wangu,

Mungu azidi kukutunza. Mama nilimsomea habari ya yule diwani wa soko, akacheka mpaka goti likasahaulika. Anauliza kwa nini huji kumwona. Nikamwambia una kazi. Akasema, "Kazi ya chai naijua mimi. Jioni yote ni yako." Shemeji yako amepata saa ya msikitini na ya kanisani katika wiki moja, anasema amepewa mtihani, zikitofautiana hata kidogo mji utawaka. Sketi nimeirudisha, ipo kwa dereva.

Muungano umepamba moto. Kwanza jina. Jina lenu likitangulia, wetu wanasusa. Letu likitangulia, wenu wanasusa. Mchora mabango ameandika "Halmashauri ya" kwa rangi ya buluu, kazi safi kabisa, halafu ameacha nafasi, na bango limesimamishwa hivyo hivyo barabarani. Wapita njia wanajazia kwa mkaa. Jana ilikuwa Halmashauri ya Mama Mkwe.

Halafu kiti. Bwana Utepe wenu alikuja kwenye kikao cha maandalizi, akamkuta Mzee Hoja ameketi kwenye kile kiti kikubwa cha kuzunguka. Akasimama pembeni yake, akasema, "Mheshimiwa, umekalia kiti chetu."

"Chetu nani?"

"Si tumeungana?"

"Tumeungana," akasema Mzee Hoja, "ila mimi bado sijainuka."

Ikabidi nilete benchi kutoka kwenye korido. Waheshimiwa wakaketi wawili, magoti yamebanana, kama watu wanaosubiri sindano.

Kura ya makao makuu imepangwa tarehe 11 mwezi ujao, hapa kwenye ukumbi wetu, kwa kuwa paa la kwenu linavuja. Chai nimeachiwa mimi. Sasa kwa udadisi tu, maana mgeni lazima ahudumiwe kama alivyozoea: madiwani wenu wanapenda chai ya maziwa au ya rangi? Na vikombe wanapenda viingie kimya kimya, au vikilia?

Nisalimie wote.

Dada yako.


3 Aprili

Shikamoo dada,

Naandika haraka, dereva wenu anapiga honi. Sote wazima. Sketi imekwisha kutanuliwa, wifi yako anasema hii ndiyo mara ya mwisho, sasa kitambaa cha akiba ni wewe mwenyewe.

Maziwa, sukari nyingi. Vikombe vilie, nusu yao wanasinzia.

Dada, nikwambie ukweli kwa upendo. Madiwani wetu ni wengi kuliko wenu. Basi limeshakaguliwa matairi. Hata diwani mgonjwa wa jicho anakuja, amepewa kiti changu cha basi, ndiyo maana mimi nabaki. Kwa hiyo makao makuu yanakuja huku, na wewe usilie. Nimezungumza na Bwana Utepe, kuna nafasi ya kumwagilia bustani ya ofisi. Bustani yenyewe haijapandwa, kwa hiyo kazi ni nyepesi. Wifi yako amekuandalia kitanda karibu na cherehani. Kabla ya kulala papasa shuka, kuna pini.

Siku hiyo kula vizuri asubuhi. Bwana Utepe ameandaa hotuba ndefu kidogo. Nilimsaidia mawazo.

Mdogo wako anayekupenda.


14 Aprili

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Salamu nyingi sana. Mungu ni mwema. Mvua imenyesha vizuri. Jirani amepaka nyumba rangi. Saa ya msikitini na ya kanisani zimekubaliana. Mama goti limepungua uvimbe, anatembea mpaka getini na kurudi, akifika getini anagombeza wapita njia. Paka amezaa. Watoto wa paka wazima.

Nadhani nimekusalimu vya kutosha.

Madiwani wenu walifika mapema, wamependeza kweli, wakatia saini zao mlangoni, wakaketi upande wa dirisha. Wa kwetu wakaketi upande wa mlango. Bwana Utepe akasimama kuzungumza. Mdogo wangu, yule mtu alizungumza. Alianza na kuumbwa kwa ulimwengu, akateremka nao taratibu mpaka kwenye barabara za lami. Aliwasifu wazazi wake. Alisoma majina ya kata zote, kisha akayasoma tena kutoka chini kwenda juu. Na kila nikitokeza na sinia, ananyoosha kiganja: "Mama, chai isubiri."

Mara ya kwanza nikasema moyoni, huyu bwana ana adabu. Mara ya tatu nikaona viti vya upande wetu vimeanza kubaki vitupu, watu wamekwenda kula kwao. Nikajiuliza: mtu anatoka mbali kote huko, nani amemwambia kwamba hapa kwetu chai ikichelewa watu wanaondoka? Jibu sikulipata. Wala sikulitafuta sana.

Mzee Hoja alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyefikwa na maji shingoni. Bwana Utepe naye, jasho linamtoka, akafika mahali pa kusema, "Nawashukuru, ndugu zangu, kwa kura zenu zilizoleta makao makuu nyumbani kwetu!" Kura ilikuwa bado. Nadhani alikuwa amerukia ukurasa wa mwisho kwa uchovu. Madiwani wenu wakashtuka usingizini, wakapiga makofi. Na katika makofi hayo mimi nikaingia.

Kwetu chai inatangulia kura. Kura ilikuwa imekaribia. Nilifuata utaratibu.

Vikombe vililia, kama ulivyonishauri.

Nje, injini ikawaka.

Niseme nini? Walikunywa kwa adabu na kwa haraka, wakafunga mafaili, wakatushika mikono sote na mimi nikiwemo, wakapanda basi. Bwana Utepe alibaki na karatasi mkononi, "Jamani! Kura! Jamani!" Kisha akaona basi linageuza, na ni hilo hilo la kumrudisha na yeye. Akakimbia. Walipita getini wanaimba nyimbo za ushindi. Wale wetu waliokwenda kula, harufu ya chai iliwarudisha mmoja mmoja. Katibu akauliza kama akidi imetimia. Mtaalamu wa wizara akasema wanaohesabiwa ni waliotia saini mlangoni, na waliotia saini ni wote.

Yule diwani wenu wa jicho alisahaulika chooni. Akarudi ukumbini, akapiga kura yake peke yake kwa ujasiri mkubwa, akashindwa. Tulimpakia kwenye gari la maziwa, natumaini amefika.

Makao makuu ni hapa.

Jioni ile nilikwenda kusali. Katikati ya sala nikajikuta nahesabu vikombe. Niombee.

Dada yako.


9 Mei

Shikamoo.

Sisi wazima.

(Mke wangu anasema salamu hiyo ni fupi mno kwa dada wa mtu. Basi: sisi wazima sana.)

Barua yako imechelewa kwa sababu dereva wenu amepigwa marufuku kuingia mjini hapa. Aliiacha kwa muuza mkaa njiani, nimeipata nyeusi.

Nikueleze ya upande wetu. Basi lilifika linaimba, mji mzima ukatoka barabarani. Bwana Utepe aliketi mbele kimya kama mtu aliyemeza ufunguo. Alitaka kusema ukweli, namwamini, lakini watu walikwisha kumbeba juu juu. Asubuhi yake mtu akafunga utepe kwenye mlango wa ofisi, na unamjua yule bwana, ukimpa utepe na mkasi hawezi kujizuia. Akakata. Kwa hiyo makao makuu yalizinduliwa huku, dada. Yalidumu mpaka barua ya wizara ilipofika. Diwani wa jicho ndiye aliyekuwa anasema ukweli tangu alipoteremka kwenye gari la maziwa, na kila mtu akimwambia ni homa.

Sasa viti vyetu vimepakiwa kwenye lori. Ukumbini tumebaki mimi na birika, na birika nalo limepigwa namba ubavuni, linakuja kwenu. Mimi sikupigwa namba. Nimepewa barua: nashukuriwa kwa utumishi wangu, mwisho wangu ni mwisho wa Juni. Wifi yako aliisoma, akaikunja vizuri, akarudi kwenye cherehani. Hakusema neno. Wewe unamjua, siku akinyamaza ni siku ya kuogopa. Tangu siku hiyo cherehani haipumziki, anapokea mpaka mapazia ya watu. Kodi ya nyumba itakuwa yake, na mimi nitakuwa mtu wa kuokota pini.

Dada, mwezi wa pili nilikuandikia habari za madiwani wetu na chai. Nilikuandikia kama ndugu, nilikuwa nacheka nikiandika. Sasa nina swali. Mke wangu amenikataza kuliuliza. Anasema kuna maswali ukimuuliza ndugu yako, na yeye anapata haki ya kukuuliza lake. Sijui ana maana gani. Basi siulizi.

Mama hajambo?


28 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi, nikampa shemeji yako. Akaisoma na ile miwani yake ya jicho moja, akasema, "Amekasirika." Kana kwamba sikuona. Mama sikumsomea. Akaniita mwenyewe.

"Mwanangu amesema nini?"

"Ameuliza kama hujambo."

"Hiyo tu? Basi mmegombana."

Lile swali ambalo hukuuliza, na mimi sikulisikia. Ila sijala vizuri tangu nilipolisoma, na sketi sasa inanipwaya, mwambie wifi.

Hebu sikia yaliyotokea. Tarehe 20 tulikuwa na kikao cha kwanza cha halmashauri moja. Ajenda ilikuwa bomba la maji la vijiji vya katikati, watu wanasubiri maji tangu zamani. Mazungumzo yakaenda vizuri, mpaka wakafika mahali pa kunyoosha mikono. Wa kwetu wakanigeukia. Nikatokeza na sinia. Wa kwenu wakaanza kufunga mafaili, na basi nje likanguruma. "Rudisha!" akapiga kelele Mzee Hoja. Nikarudisha. Wa kwenu wakakaa. Wa kwetu wakasema bila chai hawanyooshi hata kidole. Nikatokeza. Wa kwenu wakasimama. Nikarudi. Dereva wa basi aliwasha na kuzima mpaka chombo kikagoma. Chai ikapoa, bomba halikupita. Yule mtaalamu wa kike alikuwa nyuma anaandika. Akaacha kuandika, akashika kichwa.

Wewe unajua mimi vikaoni sisemi. Lakini nilikuwa nimechoka kutokeza na kurudi, nikaona bora niseme. Nikaweka sinia juu ya mafaili ya katibu.

"Waheshimiwa, mnisamehe. Chai ziwe mbili. Ya kwanza kabla ya kura, kwenye vikombe vyeupe vya hapa, na hiyo haifungi kitu, mtu asiinuke. Ya pili baada ya kura, kwenye vile vikombe vya kijani vilivyokuja na lori. Hiyo ndiyo ifunge."

Bwana Utepe akamtazama Mzee Hoja, Mzee Hoja akamtazama Bwana Utepe, maana kwenye lile benchi hakuna pengine pa kutazama.

"Nina hoja," akasema Mzee Hoja. "Hoja yangu ni hiyo ya mama."

"Naiunga mkono," akasema Bwana Utepe. "Kuna utepe?"

Ikapita kwa kelele tu, bila mikono, ndiyo maana ikapita. Ni jambo la kwanza halmashauri hii kukubaliana. Mtaalamu akanijia. "Mama, zote mbili utaziweza?"

"Mwanangu, mimi sina mikono minne. Na chai ya kufungia siijui. Anayeijua yupo kule, mmekwisha kumshukuru."

Akafuta, akaandika upya: wahudumu wawili, mabirika mawili. Akasema wizarani watamuuliza habari ya kubana matumizi. Nikamwambia awaonyeshe ile picha, ila mshale augeuze.

Barua yako ya kazi itakuja na dereva, amefunguliwa njia. Kikao kiliporudiwa, bomba lilipita kwa chai mbili. Ile ya kijani niliipika mimi, na diwani wa jicho akaniambia mbele ya watu kwamba haina lolote, wanakungoja wewe.

Chumba kipo. Shemeji yako atahamishia saa zake barazani. Tutaungana na sisi. Mama amesema katika muungano wa nyumba hii mwenyekiti ni yeye, na kura hakuna.

Njoo.

Dada yako.


12 Juni

Shikamoo dada yangu,

Mungu akuzidishie. Huku wazima, na leo naandika neno hilo kwa moyo. Barua ya kazi ilipofika, wifi yako aliisoma, akasimamisha cherehani, akasema maneno yote aliyokuwa ameyaweka tangu mwezi wa tano. Yalichukua muda. Nilifurahi sana.

Tunakuja Jumamosi tarehe 26. Wifi yako ana masharti: cherehani ikae dirishani, saa zisimlie kichwani, na sketi zako sasa utazifuata mwenyewe chumba cha pili, hakuna cha dereva. Kuhusu mwenyekiti wa nyumba hakusema kitu. Anamwogopa Mama, kama sisi sote.

Bwana Utepe nilikwenda kumuaga. Akaniambia nikusalimu. Halafu akasema, "Yale mawazo uliyonipa ya kuchelewesha chai, bwana, hayakunisaidia." Sijui kwa nini nakuandikia hili. Labda ili usije ukalisikia kwake, naye huko atakuwa benchi moja na Mzee Hoja kila wiki.

Basi, swali langu bado ninalo. Nimejaribu kuliacha, hata kwenye sala nimejaribu, linarudi. Nakuja nalo. Nikishuka tu kwenye gari, kabla ya mizigo, nitakuuliza uso kwa uso, Mama akiwepo. Na wewe uniulize lako. Halafu tuishi.

Mdogo wako.


20 Juni

Mdogo wangu,

Sote wazima, salamu fupi kwa kuwa nipo kwenye maandalizi. Dirisha la cherehani limesafishwa. Saa zipo barazani, ukipita hapo usiulize wakati, utapata majibu mengi. Mama ameagiza kiti chake kiwekwe katikati yetu wawili, asikose neno.

Swali lako njoo nalo, safari ni ndefu, ulishike vizuri lisidondoke. Na mimi langu nimelihifadhi. Nimemwomba Mungu anipe ulimi wa kusema kweli, na nadhani amenisikia, maana tangu hapo naogopa.

Ila nikujulishe mapema, usije ukashangaa. Utakaposhuka kwenye gari, kabla hujafungua mdomo, utakuta meza imewekwa uani na chai imekwisha kumiminwa. Maziwa, sukari nyingi. Vikombe nimeviazima ofisini.

Vile vya kijani.

Dada yako.